Wafu wa Unga wa Muhogo

Nikichekecha unga wa muhogo, vumbi lake likanipanda puani, watu wa nyumbani kwangu wanafikiria ugali. Mimi nafikiria maiti. Msinicheke. Ile harufu kavu yenye uchachu kwa mbali ndiyo harufu ya wafu wote niliowapenda utotoni, na niliwapenda wengi. Walikuwa wakifa na kufufuka karibu kila siku, saa nane mchana, katika banda la video la Bwana Chande, pale kwetu Somanga, nyuma ya meza za samaki wa kukaanga ambako mabasi ya Lindi husimama abiria wanunue.

Banda lilikuwa la makuti, limezibwa kwa magunia na maturubai ili mchana ugeuke giza. Ndani kulikuwa na joto la kuivisha ndizi. Watu wazima walikalia magogo ya minazi, sisi watoto tulikaa mbele mchangani, na nje jenereta lilikuwa likinguruma. Likikohoa tu, sote tuligeuka tukalisikiliza kwa huruma, kama jamaa mgonjwa. Mbele kulikuwa na televisheni ndogo, deki, na kando yake kiti kimoja cha mbao chenye mgongo. Kiti hicho kilikuwa cha baba yangu.

Baba alikuwa mfasiri wa filamu. Mfasiri ndilo lililokuwa jina lake hata msikitini. Kanda zilizofika kwetu zilikuwa kuukuu, nyingine zimetengenezwa kabla yeye hajazaliwa, na Bwana Chande alizipata kwa sababu mjini hakuna aliyezitaka tena: za mazimwi, za wafu, za wanyonya damu wenye majoho. Baba alipunguza sauti ya televisheni, akashika kipaza sauti, akatuambia kila mtu mle ndani anasema nini. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Lugha zile hakuzijua, hata neno. Hilo nilikuja kulijua nikiwa mkubwa, na wallahi sijaona mtu aliyefasiri vizuri kuliko yeye.

Yule bwana wa joho jeusi akiinuka kwenye jeneza, macho yamemtoka, baba alimsemea kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizi wa mchana: "Samahanini, nilisinzia kidogo. Nani kakaa kwenye kiti changu?" Banda liliangua kicheko mpaka vumbi likadondoka kutoka kwenye makuti. Basi ikawa kila mfu akifufuka, awe wa filamu gani, anasema maneno hayo hayo, nasi tukawa tunayasubiri ili tuyaseme pamoja. Yule aliyeviringishwa bandeji mwili mzima, baba alisema ni mgonjwa katoroka zahanati kabla hajaruhusiwa, na watu wanamkimbia kwa kuogopa atawaomba wamsindikize kurudi. Zimwi la baharini lilikuwa mtu kavaa gunia lililopakwa rangi, na chini ya gunia raba zilionekana. "Raba! Raba!" tulipiga kelele. Popo akiingia dirishani, hakuna aliyemtazama popo. Sote tulitafuta uzi aliofungiwa, na aliyeuona kwanza akanyoosha kidole: "Uzi! Uzi ule pale!" Mtu huyo siku nzima alitembea kifua mbele.

Watu wazima waliotulaumu kwa kupenda mauzauza hawakuelewa utamu wake. Huko nje mambo ya kutisha yalikuwa mengi, na hayakuwa na uzi. Kulikuwa na homa iliyoondoka na watoto wawili wa jirani ndani ya wiki moja. Kulikuwa na simba aliyesemwa huko mashambani, ambaye hakuna aliyewahi kumwona raba. Mle bandani tu ndimo woga ulimokuja na mshono wake nje nje, ukauona, ukaucheka, ukarudi nyumbani ukala.

Hata hivyo kuna siku mfu mmoja aliniogopesha kweli. Nilikuwa na miaka saba. Hapo nilijisogeza mpaka miguuni kwa baba, naye akaweka mkono juu ya kipaza sauti, akaninong'oneza: "Somoe, mtazame uso. Kapakwa unga wa muhogo tu huyo. Mama yako akichekecha si anakuwa vivyo hivyo?" Nikatazama, na kweli, alikuwa kama Mama kabisa. Woga wangu ukaishia hapo.

Jambo jingine lililonituliza ni mwendo wao. Baba alikuwa akiburuta mguu wa kushoto, kwa kuwa ujanani alianguka kutoka juu ya mkorosho na mfupa ukaunga vibaya. Wafu wa filamu nao huburuta mguu, sijui kwa nini, wote. "Wameniiga," baba alisema. "Waliniona nikipita." Mimi nilimwamini.

Sasa palikuwa na mwigizaji mmoja mwembamba mwenye masikio makubwa, sisi tulimwita Mzee Masikio. Jumamosi moja walimpigilia kijiti cha moyo, akapiga kelele, akanyauka akawa jivu. Sikupata nafasi ya kumsahau, kwani Jumanne yake, kanda nyingine, huyo hapo, mzima, anakunywa chai. Hata nywele zake, zilizokuwa nyeupe Jumamosi, zilikuwa nyeusi tii. Nilishtuka kuliko nilivyowahi kushtushwa na zimwi lolote. Tulipokuwa tukirudi nyumbani nikamvuta baba shati.

"Baba, Mzee Masikio si alikufa?"

"Alikufa."

"Mbona yupo?"

Baba aliburuta mguu hatua tatu nne akifikiri. Hakupenda kumwacha mtu bila jibu, na kazi yake ilikuwa hiyo. "Wale wakizikwa, siku ya tatu wanatoka," akasema. "Wanajifuta unga, wanakwenda kucheza kanda nyingine."

"Wote?"

"Wote. Ila usimwambie mtu, utaniharibia kazi."

Nikaahidi, na ahadi yangu niliitunza vizuri mno.

Mwaka ule, msimu wa machungwa, Bwana Chande aliamua kuwapelekea filamu watu wa Kipatimu. Wakapakia vyombo kwenye lori lililokuwa linapanda kufuata machungwa, na wakati wa kurudi baba alikaa juu ya mzigo, ameikumbatia televisheni isigongeke. Kwenye mteremko mmoja breki zikakataa. Dereva na Bwana Chande walitoka wakichechemea. Baba hakutoka. Televisheni haikuvunjika hata kioo, na msibani watu walilisema hilo kwa mshangao, wakalirudia, "hata kioo, jamani!", kana kwamba ni jambo la kushukuru. Mpaka leo nikilikumbuka nataka kumpiga mtu.

Alizikwa siku ile ile, Alhamisi, baada ya alasiri. Mimi sikulia. Mwanamke mmoja akasema mtoto huyu ana moyo wa jiwe, mwingine akamjibu, "Mwache, hajajua." Nilikuwa nimejua sana! Nilimwona akitolewa ndani kwenye jeneza la msikiti, nikaona miguu ya watu ikienda mbio naye. Nilichojua zaidi yao ni kwamba Jumamosi anarudi. Nikahesabu kwa vidole: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Nikahesabu tena kwa mkono wa pili nisije nikakosea.

Nikaanza kujiandaa. Nilificha kipande cha ugali chini ya kawa, kwa kuwa wale wakiinuka huwa na njaa. Nilizitoa ndala zake uvunguni nikaziweka mlangoni, ya kushoto mbele kidogo, kwa ajili ya ule mguu. Kisha nikachana kipande cha kanga kuukuu, nikawa nakilowesha maji kila kinapokauka, awe na cha kujifutia unga. Jambo lililonitesa lilikuwa Mama. Alikuwa ameingia eda, amekaa chumbani kwenye mkeka, amejifunika nguo nyeupe, na sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. Usiku wa pili nililala karibu naye, nikaweka mdomo kwenye sikio lake nimwambie. Nikakumbuka ahadi. Nikaufunga mdomo, nikamhurumia, nikajiambia kesho atacheka mwenyewe.

Jumamosi ilisomwa hitima, watu wakala pilau, na baada ya kula ikafika zamu ya watani. Kwetu msiba bila mtani haujakamilika. Wapo watu ambao ukoo wako na wao mmetaniana tangu mababu, na ukifiwa wao hawaji kulia. Wanakuja kumwigiza marehemu. Watavaa nguo zake, watatembea mwendo wake, watadai chakula chake, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mtani hana kosa. Mambo haya leo nawaeleza kama mtu mzima. Siku ile nilikuwa na miaka saba, na kwenye misiba niliyowahi kwenda nilikuwa nacheza kombolela nyuma ya nyumba.

Mtani wetu alikuwa Bwana Ligunda, rafiki wa baba wa kufa na kuzikana, mtu mrefu asiye na meno mawili ya mbele. Asubuhi nilikuwa nimemwona akiingia jikoni kuongea na wanawake. Sikumtilia maanani. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti na kitambaa changu cha maji, natazama njia ya makaburini.

Ila hakuja kwa njia ya makaburini. Alitokea nyuma ya nyumba. Shati la buluu la baba, lile lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Uso mweupe pe kwa unga wa muhogo, mpaka kope. Mguu wa kushoto ukichora mstari mchangani. Mkononi ameshika mwiko, ameuweka mdomoni kama kipaza sauti. Akasimama katikati ya ua, akawatazama watu, akasema:

"Samahanini, nilisinzia kidogo. Nani kakaa kwenye kiti changu?"

Ua mzima ulilipuka. Wanawake walianguka mikekani wakishikana, Bibi yangu mzaa baba alicheka mpaka akapiga magoti. Kutoka chumbani kwa Mama ukatoka mlio, si kicheko wala si kilio, ambao sijausikia tena kwa binadamu. Alikuwa amesikia sauti ya mumewe ukutani, na eda inamkataza kutoka kutazama.

Mimi nilikuwa nimeshafika. Nilimkumbatia miguu nikabana. Na ninawaambieni ukweli: kile kimluzi kilichopenya kwenye "samahanini," cha mtu asiye na meno ya mbele, nilikisikia. Nilikisikia vizuri. Nikajiambia ni mchanga wa kaburini, umemwingia kinywani.

"Nilijua, Baba," nikasema. "Nilikuhesabia siku. Sikumwambia mtu, hata Mama." Nikamnyooshea kitambaa. "Jifute unga. Nimekuwekea ugali."

Kicheko kilikatika. Walioelewa waliwashika walioendelea kucheka, mpaka nikasikia sufuria moja ikitokota jikoni. Nilitazama juu. Uso ule mweupe ulinitazama. Mtani hatakiwi kulia. Akilia ameuharibu msiba, amewaacha wafiwa peke yao. Nadhani alikuwa na njia mbili tu, avue shati aseme mimi ni Ligunda, au aendelee. Akaendelea.

"Nimepita tu, mwanangu," akasema kwa sauti ya baba. "Kuna kanda nyingine naitwa. Nenda ndani kwa mama yako."

"Utarudi lini?"

"We tazama tu. Utaniona."

Alikipokea kitambaa. Hakujifuta. Alikikunja, akakitia kwenye mfuko wa shati, akaondoka akiburuta mguu mpaka nyuma ya nyumba, na huko nikamsikia akitapika. Bibi alinibeba mzima mzima, nikiwa mkubwa vile, akaniingiza kwa Mama. "La kuvunda halina ubani," alisema, sijui alikuwa akiniambia mimi au nani. Hakuna aliyenieleza kitu siku ile, wala wiki ile. Kila mtu alidhani mwenzake keshaniambia.

Na mimi nikatii. Nikatazama.

Bwana Chande alileta mfasiri mwingine, kijana kutoka Dar es Salaam, aliyejua lugha kweli na kutuambia yale hasa yaliyosemwa, na kumbe yalikuwa maneno ya kipuuzi tu. Televisheni ilikuwa ile ile. Nilikuwa nawahi kuliko wote, nakaa mbele kabisa, na wenzangu wakitafuta uzi mimi natafuta watu wa nyuma. Stelingi sikumtazama. Nilitazama wale wafu wasio na majina wanaotoka makaburini kwa kundi, nikikagua miguu yao mmoja mmoja. Wengi waliburuta. Mara mbili moyo ulinipasuka nikaomba kanda irudishwe nyuma, nikazomewa. Sikukata tamaa. Kanda zilikuwa nyingi duniani, na baba alikuwa na mguu mbaya, lazima angechelewa. Nilisubiri hivyo miaka sita. Msione ni muda mrefu. Mtoto akipewa ahadi na mtu aliyekufa, hana wa kwenda kumdai.

Nikafika darasa la saba. Alasiri moja ikawekwa ile filamu ya Mzee Masikio anayekunywa chai. Nilikuwa nimeiona mara nyingi, ila sasa nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na macho ya miaka kumi na mitatu yanatazama vingine. Nilitazama nywele zake nyeusi. Nilitazama shingo yake, haina mikunjo. Nilitazama namna alivyoinuka kitini bila kujishika popote. Mtu huyu alikuwa kijana. Katika ile kanda aliyopigiliwa kijiti alikuwa mzee, na hapa alikuwa kijana, na watu hawarudi nyuma. Bwana Chande alikuwa akituwekea kanda kama alivyoziokota kwenye boksi, ya mwisho mwanzo na ya mwanzo mwisho.

Hakuwa amefufuka. Alikuwa hajafa bado.

Nililia pale pale mchangani. Nililia kilio cha Alhamisi ile, chote, na cha miaka iliyofuata, kwa sauti, nimejishika tumbo. Kwenye kioo popo alikuwa anaingia dirishani, kwa hiyo watu walidhani nimeogopa. Wakacheka kwa upendo, masikini, walitaka kunisaidia. "Uzi, Somoe! Uzi ule pale!" walipiga kelele, na mama mmoja muuza samaki akanishika kichwa akanigeuza nitazame. "Unalia nini na wewe, mtu mzima mzima? Huuoni uzi?" Nikautazama. Nilikuwa nauona.

Bwana Ligunda alizeeka akafa, Mungu amrehemu. Hatukuwahi kulizungumza lile. Tulipokutana barabarani nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na kila mmoja akatazama pembeni. Kwenye msiba wake wazee waliniita, wakaniambia mtani ni wewe sasa, vaa kofia yake, mwigize. Nikakataa. Nikawaambia sauti yake siikumbuki, wakaninunia, na walikuwa na haki.

Hivi sasa nakaa Lindi mjini. Binti yangu wa mwisho ana miaka saba, na kwenye simu kila kitu kipo, hata zile kanda za Bwana Chande. Wanangu wakubwa wananicheka, wanasema filamu za siku hizi maiti unamwona mpaka mishipa. Siyataki hayo. Nataka gunia na raba, nataka ukuta wa kitambaa unaotikisika mlango ukifungwa. Na sauti nazima kabisa. Nimekuwa nikizima miaka yote hiyo ili ndani ya kile kimya nimsikie baba akifasiri, kwani yeye hakuna aliyemrekodi. Alisema juu ya filamu, filamu ikaisha, na maneno yake yakaishia kwenye makuti.

Juzi binti yangu alikuja akajilaza begani kwangu. Mle kwenye simu yule wa joho jeusi alikuwa anainuka kwenye jeneza, uso mweupe, mdomo unachezacheza bila sauti.

"Mama, anasemaje?"

Nikafurahi. Miaka yote nilikuwa sijaulizwa. Nikakaa vizuri, nikafumba macho nimsikie baba kwanza, kisha nikafungua mdomo nikasema kama nilivyomsikia: "Samahanini, nilisinzia kidogo. Nani kakaa kwenye kiti changu?"

Binti alicheka. "Mama, mbona unapiga mluzi?"

Nikarudia, polepole. Ukatoka tena, ule ule, kwenye kila sauti ya "s." Nikajaribu kwa kunong'ona, nikajaribu kwa sauti nzito, nikamwambia mtoto atoke nje, nikajaribu peke yangu mpaka giza likaingia. Hakuna sauti nyingine. Niliyokuwa nikiisikiliza miaka yote ilikuwa ya Bwana Ligunda. Ulimi nikaupitisha mbele kinywani, na meno yangu yote yalikuwapo.